Dodoma na Kurudi

Msikilizaji wangu, chukua tangazo lolote la gari la umeme la kutembelea, haya ya milango minne yanayosifiwa kwamba yanakwenda mbali, utakuta namba moja imeandikwa kubwa kuliko hata jina la gari. Kilomita 570. Jingine 700. Lucid Air ya Marekani, moja ya matoleo yake ya kwanza ya mwaka 2021, iliandikiwa kilomita 837 kwa chaji moja. Leo namba hizo nataka tuzilete hapa Mwankoko, Singida, tuzipitishe kwenye vumbi letu na matuta yetu, tuzipeleke Dodoma, halafu tuone zinarudi na nini mkononi.

Nasema tuone zinarudi na nini kwa makusudi. Mtu mwenye Crown ya petroli hana habari na kurudi. Akipungukiwa Manyoni kuna sheli, Ikungi kuna sheli, na akiishiwa porini kabisa yupo kijana wa bodaboda atakayemletea lita tano kwenye dumu. Mwenye gari la umeme sheli yake iko ukutani kwake, nyumbani. Kila anakokwenda anakwenda akihesabu njia ya kurudi kwenye ukuta huo. Ndiyo maana mimi nasema, kwa mtu wa Mwankoko, gari hili lisipimwe kwa umbali wa kufika. Lipimwe kwa umbali wa kwenda na kurudi bila kumpigia mtu magoti umwombe soketi.

Basi tuanze na namba yenyewe, inatoka wapi. Haitoki barabarani. Gari hupandishwa juu ya mashine yenye magurudumu ya chuma, ndani ya jumba, likaendeshwa kwa ratiba maalumu: sekunde kadhaa taratibu, sekunde kadhaa mbio, simama, ondoka. Wachina wana ratiba yao inaitwa CLTC, Wazungu wa Ulaya wana WLTP, Wamarekani wana ya mamlaka yao ya mazingira, EPA. Ya Kichina ina mwendo wa mjini mwingi na mbio kidogo, kwa hiyo inatoa kilomita nyingi. Ya Kimarekani ndiyo bahili. Mfano ulio wazi ni BYD Seal yenye betri ya kilowati-saa 82.5 na mota moja ya nyuma. Kwao China imeandikiwa kilomita 700. Gari hilohilo, betri hiyohiyo, likifika Ulaya linaandikiwa 570. Kilomita 130 zimeyeyuka baharini, na wala hakuna aliyeiba. Kwa hiyo muuzaji akikutajia namba, swali la kwanza liwe ni namba ya nani. Akikuambia ya Kichina, punguza robo kabla hujaendelea kumsikiliza.

Halafu kuna kitu ambacho ratiba zote tatu hazina, nacho ni upepo wa Singida.

Hapa siongei kishairi. Waliokuja kupima upepo Kititimo, wakitafuta mahali pa kusimika mitambo ya kuzalisha umeme, walikuta wastani wa zaidi ya mita 9 kwa sekunde, juu kule kwenye mlingoti. Hiyo ni zaidi ya kilomita 30 kwa saa. Chini, usawa wa bodi ya gari, hupungua kwa sababu ya vichaka na nyumba, lakini wewe uliyewahi kuanika alizeti mwezi wa saba unajua kwamba haupungui sana. (Mitambo yenyewe tumeahidiwa miaka mingi, na wenzetu wa Mufindi wametutangulia kwa mitambo mitatu midogo ya Mwenga. Hiyo ni habari ya siku nyingine, na ina hasira zake.)

Tuchukue upepo wa kilomita 20 kwa saa unaokupiga usoni. Wewe unaendesha 80. Kwa hewa, gari lako linakwenda 100. Na ukinzani wa hewa hauongezeki kwa kujumlisha, unaongezeka kwa kuzidisha namba kwa yenyewe: kutoka 80 kwenda 100 hewa inakuzuia kwa asilimia 56 zaidi. Utasema sawa, wakati wa kurudi upepo utanisukuma, utanilipa. Utakulipa, ila pungufu. Ukiwa mgongoni, gari la 80 linakuwa kwa hewa kama la 60, na hapo unapunguziwa asilimia 44. Umechukuliwa 56, umerudishiwa 44. Upepo wetu ni mkopeshaji wa mtaani.

Sasa angalia ramani. Kutoka Singida hadi Manyoni barabara inashuka kusini, kama kilomita 117. Kutoka Manyoni hadi Dodoma inageuka mashariki, kilomita 127 hivi. Na pepo za kiangazi zinatokea upande wa mashariki na kusini-mashariki. Maana yake ni kwamba ukienda makao makuu ya nchi miezi ya sita, ya saba, ya nane, unakwenda upepo uko usoni njia karibu yote, na baada ya Manyoni ndiyo unaupata wenyewe. Anayekwenda Nzega, magharibi, hali ni kinyume: anakwenda akisukumwa, anarudi akipingwa. Huyo wa Nzega ndiye wa kumwonea huruma, maana deni lake linakuja jioni, betri ikiwa imeshaliwa nusu.

Lakini tusimwonee muuzaji. Kuna jambo la kwetu linalolisaidia gari la umeme kuliko barabara za Ulaya zinavyolisaidia, na jambo hilo linasimama chini ya mti likiwa na sare nyeupe. Naam, trafiki na tochi yake. Gari la petroli linakunywa vibaya likienda polepole mjini, la umeme ni kinyume chake: likienda 50 ndipo linapokuwa na uchumi mkubwa. Na barabara ya Singida hadi Dodoma ni mlolongo wa vibao vya 50. Ikungi 50, Issuna 50, Manyoni 50, Kintinku 50, Bahi 50. Dereva anayeviheshimu, awe anaviheshimu kwa moyo au kwa kuogopa kuandikiwa shilingi 30,000, atakuta betri yake inashuka taratibu kuliko alivyotarajia. Kule Ujerumani gari kama hili linakimbizwa 130 kwenye barabara kuu na betri inaisha kama maji kwenye gunia. Hapa hakuna pa kulikimbizia hivyo, na pakiwepo kuna punda.

Haya, tufanye hesabu ya Dodoma. Kutoka hapa Mwankoko uingie mjini, ushike barabara kuu, ufike Dodoma mjini, uzungukezunguke wizarani, urudi: weka kilomita 500. Gari letu la mfano lina kilowati-saa 82.5. Siku ya utulivu, umetii vibao, umebeba watu wawili, linaweza kula kama kilowati-saa 14 kwa kila kilomita 100. Hapo betri nzima ni kilomita 589, na ukiacha asilimia 10 ya akiba, kwa sababu hakuna mtu mwenye akili anayeingia nyumbani na sifuri, unabaki na 530. Umekwenda, umerudi, umelala. Siku ya upepo, umebeba watu wanne na magunia mawili ya vitunguu kwenye buti, una haraka ya kuwahi kikao, linakula 17. Betri nzima ni kilomita 485, ukitoa akiba ni 437. Hapo hujarudi. Umesimama mahali fulani baada ya Ikungi, unauona mji kwa mbali na simu haina salio.

Kwa hiyo Dodoma na kurudi imekaa katikati kabisa ya uwezo wa gari linaloitwa la masafa marefu. Siku moja inawezekana, siku nyingine haiwezekani, na tofauti ni upepo na mguu wako wa kulia. Hili ndilo jambo ambalo mnunuzi wa hapa anatakiwa kulijua kabla ya rangi na kioo cha juu. Babati haina shida: kilomita kama 165, kwenda na kurudi 330, unarudi na chaji ya kwendea kanisani na sokoni wiki nzima. Nzega ni kama 218 kwenda tu, kwenda na kurudi ni 436 na ushee, inawezekana kwa uangalifu. Dodoma ndiyo mtihani.

Na mtihani huo una majibu. Unapungukiwa kilomita 60 au 70, yaani kilowati-saa 11 au 12. Soketi ya kawaida ya ukutani, ile ya pasi, inatoa kama kilowati 2.3. Masaa matano tu gari likiwa limechomekwa nyumba ya wageni au kwa shemeji yako Area C, Dodoma, wakati wewe uko kikaoni, umeshapata kilichopungua. Mlipe shemeji umeme wake. Usipomlipa, safari ya pili soketi itakuwa mbovu.

Kuhusu milima sitakaa sana, maana watu wanaiogopa bure. Singida iko juu, kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, Dodoma kama 1,100, na katikati kuna bonde la Bahi halafu mlima Saranda wa kupandia Manyoni. Kupandisha gari la tani mbili na abiria wake mita 400 kunakula kilowati-saa mbili na nusu hivi, basi. Na ukishuka, mota inageuka kuwa jenereta, inashika gari na kurudisha sehemu ya umeme kwenye betri. Mwenye lori anayejua harufu ya breki zilizoungua pale Sekenke ataupenda mteremko ule akiwa ndani ya gari la umeme: unaondoa mguu tu, gari linajizuia lenyewe, na namba ya betri inapanda badala ya kushuka.

Sasa turudi nyumbani, kwenye ukuta, maana hapo ndipo biashara yote ilipo.

Mwankoko si mahali pa giza. Visima vya hapa ndivyo vinavyosukuma maji hadi mjini Singida, na pampu hazisukumwi kwa maombi. Nguzo zipo. Swali ni waya unaotoka kwenye nguzo kuja kwako, na ulivyotandazwa ndani. Nyumba nyingi zilitandazwa kwa ajili ya taa, televisheni na friji. Soketi inayobeba pasi kwa dakika 15 si lazima ibebe gari kwa saa 36, na saa 36 na zaidi ndizo utakazohitaji kujaza betri ya 82.5 kutoka sifuri kwa soketi hiyo. Nyaya nyembamba zitapata moto ndani ya ukuta, na ukuta hausemi. Mwite fundi mwenye leseni, avute waya wake peke yake kutoka kwenye swichi kubwa, aweke kifaa cha kuchajia cha kilowati 7 kwa umeme wa fezi moja, na hapo usiku mmoja wa saa 12 unatosha. Kabla ya hapo TANESCO waulizwe kama laini yako inabeba. Ukikaa mwisho wa laini, mbali na transfoma, saa mbili usiku taa zinapofifia kila mtu akiwasha vyake, gari nalo litachaji kwa kuchechemea au litakataa kabisa.

Na litakataa kwa sababu nyingine ambayo wengi hawaitegemei: ethi. Waya ule wa ardhini ambao mafundi wa haraka huuchomeka kwenye mchanga sentimita chache na kuondoka. Gari la umeme linaukagua kila linapochomekwa. Usipokuwa mzuri, taa nyekundu, hakuna chaji. Udongo wetu wa mchanga, kiangazi ukikauka, ethi mbovu inakuwa mbovu zaidi. Fundi na azamishe nondo yake mpaka penye unyevu, alipwe vizuri.

Halafu LUKU. Nyumba nyingi za huku ziko kwenye kundi la D1, la wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, ambao uniti moja ni shilingi 100 kabla ya kodi na tozo. Ukijaza betri hii mara moja tu, mara moja, umeshavuka uniti 75. Ukiendelea hivyo unahamishiwa T1, shilingi 292, na ukiweka VAT na tozo za REA na EWURA inafika kama 356. Na haihamishwi ile ya gari peke yake: taa ya chooni, friji ya soda ya mama, simu za watoto, vyote vinapanda bei. Muuzaji wa gari hatakuambia, kwa kuwa yeye anauza gari, hauzi umeme.

Umeme wenyewe umeimarika, tuseme ukweli. Mgao wa mwishoni mwa 2023 tunaukumbuka. Mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere ukawashwa Februari 2024, na mwaka uliofuata mitambo yote tisa ikawa imekamilika, jumla megawati 2,115. Tena Singida iko kwenye uti wa mgongo wa gridi, ile njia kubwa ya kilovolti 400 inayotoka Iringa kupitia Dodoma na hapa kwenda Shinyanga. Tatizo la sasa mara nyingi si umeme kukosekana nchini. Ni tawi la mti lililoangukia waya wa mtaani, ni transfoma, ni upepo, tena upepo. Mwenye betri kubwa ana nafuu hapo: akichaji siku anazoweza, siku mbili za giza hazimgusi.

Nimguse sasa mwenye haraka ya kununua kwa picha. Lala chini, msikilizaji, uangalie tumbo. Gari hizi za umeme za kutembelea zinatafuta masafa marefu kwa kujibana chini, hewa isipite. Seal ina nafasi ya kama sentimita 12 kati ya tumbo na barabara. IST ya jirani ina kama 15. Na tumboni mwa gari la umeme hakuna egzosi ya kuchomelea Sh 20,000. Kuna betri, ambayo ndiyo kitu cha bei kubwa kuliko vyote. Hesabu matuta kuanzia Ikungi hadi Manyoni, yale yaliyojengwa na mtu aliyekuwa na ugomvi na madereva, kisha ongeza makorongo ya njia za huku kwetu baada ya masika. Gari la zaidi ya tani mbili likigonga tuta na watu watano ndani linagonga kwa uzito wote. Kama njia ya kufika kwako haijachongwa, hili peke yake linatosha kukufanya uangalie gari la umeme lililoinuka, hata kama lina kilomita pungufu. Mimi ningekubali kupoteza kilomita 60 za karatasi nipate sentimita 5 za chini.

Kuna betri na betri pia. Seal inatumia LFP, chuma na fosfati. Aina hiyo inavumilia joto, inavumilia kujazwa mpaka 100 mara kwa mara, na haishiki moto kirahisi. Aina nyingine ni ya nikeli, manganizi na kobalti, na hiyo kobalti sehemu kubwa ya dunia inachimbwa Kongo, kule Kolwezi wanakosema Kiswahili chao kitamu cha Katanga. Betri za nikeli ni nyepesi na zinabeba zaidi, ila zinataka ulezi: usizijaze kabisa kila siku, usiziache tupu. Kwa mtu ambaye atalijaza gari mpaka juu kila anapokwenda Dodoma, LFP inamfaa zaidi. Sibishani na hilo.

Kwa anayeagiza lililotumika, angalia mambo yafuatayo kwa jicho kali. Magari ya soko la China usukani uko kushoto, na kioo chake kinasema Kichina, na programu zake nyingine zinataka namba ya simu ya huko. Tafuta lililouzwa Uingereza, Japani, Australia au Thailand. Lakini hata hapo kuna mtego wa plagi: Seal ya Japani ina tundu la CHAdeMO la kuchajia haraka, ya Uingereza na Thailand ina CCS2, ya China ina la kwao. Nunua CHAdeMO leo, kesho vituo vijengwe vya CCS2, utabaki na soketi yako ya ukutani maisha yote. Lucid hizo za kilomita 837, ambazo ndugu zetu wa Ghuba wanaziona Riyadh na Dubai, usukani wake ni kushoto, zifutwe kwenye orodha. Na gari lililopita miaka minane tangu litengenezwe linaongezewa ushuru wa uchakavu na TRA. Mfumo wao wa kukadiria kodi uko wazi mtandaoni, ingiza gari lako uone kabla hujatuma hata senti.

Fedha, sasa. Seal mpya ilipoingia Uingereza mwaka 2024 ilianzia kama pauni 45,700, kodi yao ikiwemo. Hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 140 kabla ya meli na bandari. Sitakuambia ni ghali au rahisi, mfuko ni wako. Nitakupa kipimo. Gari la petroli la ukubwa huo linakula kama lita 10 kwa kilomita 100. Tuchukue lita moja 2,900, ingawa bei kikomo za EWURA hubadilika kila mwezi na Singida tunalipia na safari ya lori: ni shilingi 29,000. La umeme linakula uniti 16, weka na zinazopotea wakati wa kuchaji zifike 17 na nusu, zidisha kwa 356: kama 6,230. Umeokoa karibu 22,770 kwa kila kilomita 100. Kwa hiyo kila milioni 10 utakayoongeza juu ya bei ya gari la petroli ili upate la umeme, itarudi baada ya kilomita 44,000. Umeongeza milioni 30? Kilomita 132,000. Mtu anayetembea kilomita 15,000 kwa mwaka atasubiri karibu miaka tisa. Anayekwenda Dodoma kila wiki, kwa safari hiyo peke yake anafika kilomita 26,000 kwa mwaka, atasubiri mitano. Na ukilinganisha na IST inayokula lita sita na nusu, subira inaongezeka karibu mara mbili.

Hapo hujaweka matengenezo. Oili ya injini hakuna, plagi hakuna, klachi hakuna. Lakini tairi zinaliwa haraka kwa uzito, shokapu nazo, na siku likigoma halivutwi kwa kamba: linabebwa juu ya gari jingine. Kulibeba kutoka Kintinku hadi mjini ni bei ya mbuzi kadhaa. Na mwambie fundi wako wa siku zote, kwa upendo, asiguse nyaya nene za rangi ya chungwa. Zile zina mamia ya volti, na hazisamehi.

Majirani zetu wamejaribu kabla yetu. Waganda wa Makerere walitoa gari lao la umeme la viti viwili mwaka 2011, na 2014 wakaonyesha Kiira Smack, gari la watu watano la petroli na umeme pamoja. Nairobi kulikuwa na teksi za NopeaRide, Nissan Leaf tupu, tangu 2018, na kampuni ikajenga vituo vyake yenyewe vya kuchajia kwa sababu vya kukodi havikuwepo. Mwaka 2022 ikafunga. Ethiopia mwaka 2024 wamezuia kabisa kuingiza magari ya petroli na dizeli, kwa kuwa umeme wa maji wanao na dola za mafuta hawana. Ninachokiona humo ni kwamba gari hufika kabla ya soketi. Siku zote. Anayetangulia hujijengea soketi yake mwenyewe, na gharama hiyo ni sehemu ya bei ya gari.

Dar es Salaam je? Kilomita 700. Usiende nalo. Treni ya umeme ya SGR inatoka Dodoma hadi Dar tangu mwaka 2024, na inakwenda mpaka 160 kwa saa. Liache gari Dodoma limechomekwa kwa shemeji, panda treni, rudi ulikute limejaa. Safari nzima umeisafiri kwa umeme, na matuta ya Gairo umewaachia wenye haraka zao.

Kwa hiyo nani anunue? Mtumishi au mfanyabiashara mwenye nyumba yake, njia nzuri ya kuingilia, laini nzuri ya umeme, anayekwenda Dodoma au Babati kila wiki, na mwenye gari la pili la petroli uani: anunue, na achague la kilowati-saa 80 kwenda juu, lisilo chini ya hapo. Mwenye gari moja tu, anayebeba vitunguu, anayeishi mwisho wa laini: asubiri. Kijana anayetaka tu kuonja umeme aangalie kwanza bajaji za umeme, hasara yake inavumilika.

Na yule aliyeshaamua, ambaye hata nikimaliza kuongea atakwenda yadi kesho, nampa kazi moja. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji alichomeke gari kwenye soketi ya kawaida, kwa kebo ambayo utapewa wewe, isiwe ya ofisini kwake. Kaeni saa nzima, mnywe chai. Soma kwenye dashibodi zimeingia kilowati-saa ngapi, na omba uonyeshwe asilimia ya afya ya betri. Kisha mliendeshe kilomita 50 barabara kuu, wewe ukiwa nyuma ya usukani, kwenye upepo, na mwangalie pamoja betri imeshuka kwa ngapi. Akikataa, mshukuru kwa chai.